Nani anashika mzani? Tamko la Barcelona likisomwa toka Likasi



Mwaka 2009 jarida la Environmental Research lilitoa utafiti uliopima kobalti na metali nyingine katika mikojo ya watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Jina la kwanza kati ya waandishi: Banza. Mwaka 2018 Nature Sustainability ilitoa utafiti mwingine, juu ya uchimbaji wa kobalti kule Kasulo, Kolwezi. Jina la kwanza: Banza Lubaba Nkulu. Siye watu wa huku tunajua mara moja: njo huyu huyu, Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Lakini mashine zinazohesabu maandishi ya wataalamu hazikukulia Katanga. Zikiona majina mawili, zinaweza kuandika watu wawili, na kazi ya mtu mmoja ikagawanyika.

Naanza na mfano huu kwa sababu nimemaliza kusoma Tamko la Barcelona, lililotolewa Aprili 2024, na nataka tulijadili. Tamko hilo linaomba vyuo na wafadhili waahidi mambo manne: taarifa za utafiti ziwe wazi kama kawaida, watumie mifumo inayounga mkono uwazi huo, wasaidie mifumo hiyo idumu, na wafanye kazi kwa pamoja. Taarifa za utafiti ni nini? Nani aliandika, yuko chuo gani, alitaja kazi za nani, nani alilipa. Kwa ufupi, ni daftari lenye kuandikwa ndani yake nani amefanya nini. Tamko linasema daftari hilo lisifungiwe katika kabati la kampuni.

Daftari lenyewe lina historia. Mmarekani Eugene Garfield na taasisi yake walitoa Science Citation Index mwaka 1964. Shabaha ilikuwa kumsaidia mtafiti apate maandishi anayohitaji, kwa kufuata nani anamtaja nani. Baadaye wakubwa wakaona kwamba chombo cha kutafutia kinaweza pia kupima watu. Leo daftari hilo liko ndani ya Web of Science, mali ya kampuni ya Clarivate. Mshindani wake ni Scopus, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Elsevier, kampuni ambayo yenyewe inachapisha majarida. Yaani anayecheza mpira njo huyo huyo anayepuliza filimbi. Kampuni hizi zinachagua majarida ya kuingiza, na Kiingereza kinatawala. Jarida letu la Kifaransa, lenye kutoka mara mbili kwa mwaka kama karatasi imepatikana, liko nje. Na kama chuo chako hakina pesa ya kulipia, hauwezi hata kuona vizuri hesabu inayokuhukumu.

Hapa Likasi hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Uliza ba krezeri. Mtu analeta magunia yake ya madini, lakini mzani ni wa mnunuzi, na kifaa cha kupima kiwango cha shaba au kobalti ni cha mnunuzi pia. Mwenye kushika mzani njo mwenye kupanga bei.

Sasa kuko mzani mwingine. OpenAlex ilizinduliwa Januari 2022 na shirika lisilo la faida, OurResearch, baada ya Microsoft kufunga daftari lake. Mtu yeyote anaweza kuingia, kutafuta na kuchukua data bila kulipa. Chuo cha Sorbonne kimeacha Web of Science na kuelekea huko. CNRS ya Ufaransa nayo imeamua kuachana na Web of Science kuanzia Januari 2026. Watu wa Leiden, Uholanzi, walitoa mwaka 2024 orodha ya vyuo iliyojengwa juu ya data za OpenAlex. Mambo mazuri, sipingi.

Ubishi wangu uko hapa. Tamko linaongea sana juu ya mlango, na kidogo juu ya watu ambao vitu vyao havijafika hata uani. Mfumo wa wazi unakusanya kile ambacho kimeshaandikwa mahali fulani kwenye intaneti. Sehemu kubwa inatoka Crossref, ambako wachapishaji wanachama wanalipa ili kuandikisha makala zao na kuzipa namba. Jarida linalochapwa kwa karatasi tu halina namba, na bila namba ni kama mtoto asiyeandikishwa komini: anaishi, anakula, lakini kwa serikali hayupo. Memuari yangu ilitoka nakala tatu. Moja iko kwa fakilte, moja kwa mkurugenzi wangu, moja kwa mama, chini ya Biblia. OpenAlex haitaiona, hata ikiwa wazi namna gani.

Kuko tena jambo la majina. Mji huu uliitwa Jadotville hadi 1966. Chuo cha Lubumbashi kilizaliwa miaka ya 1950 na jina lingine, kati ya 1971 na 1981 kikawa kampasi ya UNAZA, halafu kikawa UNILU. Makala ya jiolojia ya zamani iliyoandikwa kwa jina la Jadotville haitafuata Likasi yenyewe. Lazima mtu afunge kamba. Hapo uwazi una faida ya kweli: ukiona kosa, unaweza kulionyesha na kuomba lirekebishwe, bila kuwa mteja. Kwa sababu hiyo, kati ya mizani miwili nachagua ya wazi. Lakini nani atafanya marekebisho? Paka sisi, kwa mega zetu, usiku, umeme ukiwepo. Tamko linataka mifumo idumu, vizuri. Kazi hii ya kufunga kamba nayo ihesabiwe kuwa kazi, na ilipwe.

Jambo la mwisho njo zito kuliko yote. Rafiki yangu ni asistanti. Ili apande kuwa CT anahitaji machapisho. Alituma pesa kwa jarida fulani la mbali, na kabla ya wiki kuisha makala ilikuwa imetoka, bila mtu kuisoma, hata kosa la jina la mto halikusahihishwa. Kwenye daftari la wazi ile inaweza kuhesabiwa chapisho moja, sawasawa na ule utafiti wa 2009 uliowaambia watu wa Katanga nini kiko ndani ya miili yao. Mzani wa wazi bado ni mzani. Unapima uzito, haujui kama ndani ya gunia ni madini au ni udongo. Kujua hilo lazima mtu afungue na kuangalia, yaani kamati isome. Tangu 2012 Tamko la San Francisco lilishasema mtafiti asihukumiwe kwa kipimo cha jarida. Kama tukitoa namba ya kampuni na kuweka namba ya bure, bila kusoma, tumepunguza gharama tu.

Basi tufanye nini? ORCID ni bure: jiandikishe, chagua namna moja ya kuandika majina yako matatu, usibadilishe tena. Zenodo, hifadhi ya CERN, nayo ni bure, na inatoa namba. Mkurugenzi wako akikubali, weka memuari yako pale.

Yangu ilikuwa na kurasa 84. Nilizipiga picha moja moja kwa simu, mezani kwa mama. Aliniuliza kwa nini nahangaika na kitabu ambacho nilishapata nacho diplomi. Nikamwambia: ili mtu mwingine akisoma, aweze kunionyesha nilikosea wapi.