Mvumilivu hula mbivu, lakini shamba ni la nani?

Shangazi yangu alipoitwa mbele ya wazee kuhusu shamba la migomba lililo karibu na mto Lumi, hapa Taveta, aliulizwa swali moja tu: wewe unadai nini? Akajibu, "Mimi nimevumilia tu." Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mwanamke mwenye adabu huyu. Kisha wakageuka, wakaendelea kuzungumza na mumewe. Kikao kikaisha, shamba likabaki mikononi mwa mume ambaye tayari alikuwa ameleta mwanamke mwingine nyumbani.

Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, na kati ya vitu vichache nilivyorudi navyo ni fotokopi ya kitabu cha Susan Hirsch, Pronouncing and Persevering, kilichotoka 1998. Usiku ule nilikisoma tena, safari hii kwa hasira.

Hirsch ni mwanaanthropolojia wa Marekani aliyekaa katika mahakama za Kadhi za Malindi na Mombasa miaka ya 1980, akirekodi watu wakizozana kwa Kiswahili. Kichwa cha kitabu kinabeba dhana ambayo kila mtu wa Pwani anaijua: mume hutamka, mke huvumilia. Mume akitamka talaka, imepita. Mke hukaa, hunyamaza, hufunika siri za nyumba. Lakini ndani ya korti Hirsch anakuta mambo mengine. Wanaoleta mashtaka wengi ni wanawake, na mara nyingi ndio wanaoshinda. Wanashinda kwa kusimulia. Mwanaume anataja shida yake kwa kifupi. Mwanamke anaanza mwanzo, nani alisema nini, nani alinyamaza, chakula kilikosekana lini. Na kwa kusimulia hivyo anavunja ile adabu ya kunyamaza ambayo ndiyo inayomfanya aitwe mke mwema.

Hapa ndipo kitabu kina nguvu. Tumechoshwa na maandishi yanayomtetea mwanamke Mwislamu huku yakimfanya kiumbe asiye na ulimi, anayengoja kuokolewa. Hirsch anakataa hilo. Anasikiliza namna wanawake wanavyosema, si kile wanachosema tu, na anaonyesha kwamba sheria haikai kwenye vitabu peke yake. Inatengenezwa pale pale, mdomoni.

Sawa. Lakini hebu wasikilize tena hao washindi. Mwanamke anasikilizwa kwa sababu anafika kama mvumilivu ambaye uvumilivu wake umefika mwisho. Hirsch mwenyewe analiona hili: hadithi inayompa mwanamke haki inaweza pia kumrudisha kwenye nafasi yake ya zamani. Ila analisema kwa upole wa msomi, na mimi ningetaka alikalie zaidi. Je, yule asiyevumilia? Aliyejibu tusi kwa tusi, aliyefunga virago mwezi wa tatu? Kwani haki ni zawadi ya kuteseka vizuri?

Na usidhani ni mambo ya Kadhi tu. Katika kesi ya Rono, Mahakama Kuu iliwapa wana wa kiume ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5 kila mmoja, ati mabinti wanaweza kuolewa. Mahakama ya Rufaa iliupindua mgao huo mwaka 2005, na hadi leo wanawake wengi wanaipigia kesi hiyo makofi. Nami napiga. Lakini angalia ilibidi vita viende mbali kiasi gani ili binti aonekane mtoto kama watoto wengine.

Shangazi yangu alifunga ndoa kanisani, kwa hiyo mbele yake iko Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013. Ndoa ikivunjika, mali inagawanywa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Sheria hiyo inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na kazi ya shamba kuwa mchango. Vizuri sana. Mwezi Januari 2023, Mahakama ya Juu ikasema kwamba usawa wa wanandoa ulio katika Katiba, Ibara 45(3), si nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia.

Athibitishe! Risiti ya kupalilia iko wapi? Nani alimpigia mhuri kwa kuamka saa kumi usiku kuelekeza maji ya mfereji? Alichonacho ni hadithi, na ndiyo hiyo aliyofundwa tangu utotoni asiitoe nje. Tunamfunza mwanamke kunyamaza, kisha tunamnyima mali kwa sababu hakusema. Hirsch alisoma waliofika mahakamani. Aliyeishia kwenye kikao cha wazee, na jibu lake la maneno matatu, hayumo katika kanda zake.

Nina ugomvi mmoja zaidi: kitabu kilichojengwa kwa Kiswahili cha wanawake wa Malindi na Mombasa kimeandikwa kwa Kiingereza. Nilipomwambia shangazi kuna kitabu kuhusu wanawake wanaosimulia na kushinda, aliuliza, "Wanasemaje?" Nikaanza kumtafsiria maneno ambayo kwanza yalisemwa kwa lugha yake. Niliona aibu.

Wiki iliyofuata nikampelekea daftari, nikamwambia tuandike alichofanya kwenye lile shamba, mwaka kwa mwaka. Akacheka. "Hayo ni ya ndani, mwanangu. Yaweke." Nikayaweka. Jioni tukawa tunamenya ndizi za kupika, akasema bila kuniangalia: migomba ya kwanza niliipanda mimi, nikiwa na mimba ya kaka yako mkubwa.

Nikafuta mikono, nikachukua kalamu. Tumefika ukurasa wa kumi na moja.