Salim bin Abakari, mvumbuzi asiyeitwa mvumbuzi

Mwaka 1896 Fridtjof Nansen alirudi Norway baada ya miaka mitatu kwenye barafu ya Aktiki, akapokewa kama shujaa. Mwaka huohuo Mkomoro mmoja, Salim bin Abakari, alikuwa Siberia akimtumikia Mjerumani aitwaye Bumiller. Naye alisimulia, tena kwa Kiswahili. Habari yake imo katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo alioutoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901.

Naisoma hapa Kizingo, ambako AC ikishuka tu nyuzi 18 watu wanaulizia shuka. Lakini si baridi iliyonishika. Vitabu vya wavumbuzi wa ncha za dunia hutaka tuone mateso yao: vidole vilivyoganda, mbwa walioliwa. Salim hana muda huo. Yeye anatazama watu, wanaishije, wana desturi gani, na wao wanamtazama yeye, mtu mweusi waliyemshangaa. Nansen hakuwahi kuwa kioja namna hiyo.

Lawama ninayo. Kuhusu bwana wake, Salim anafunga mdomo mno. Ningetaka kujua walizozana lini, nani alichoka kwanza. Lakini angesema nini, na maneno yote yanapitia mikononi mwa Wajerumani? Kimya hicho nakisoma kama sehemu ya safari.

Lyndon Harries aliirudisha mwaka 1965 katika *Swahili Prose Texts*, Kiswahili na Kiingereza. Walimu wa fasihi, hebu itafuteni. Darasani wanafunzi wataicheka, halafu wataanza kubishana.