Mvua Iliyotukimbiza

Shairi langu la kwanza kuchapwa gazetini nililikuta dukani hapa Nduguti, limefungiwa sukari. Ilikuwa katika miaka ya 1990, siku ambazo bado tulikuwa Wilaya ya Iramba. Mkalama haikuwa imezaliwa, maana wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2012. Magazeti yalitufikia kwa basi, mengi yakiwa yamekwisha kusomwa na wengine, nasi tukayapokea kama karatasi za kufungia. Shairi nilikuwa nimelituma kwa posta miezi mingi nyuma hata nikakata tamaa. Nilimwomba mwenye duka karatasi nyingine, nikaihamisha sukari, nikalinyoosha gazeti juu ya meza yake.

Furaha yangu haikudumu. Lilikuwa shairi la ukame, na mshororo wake wa kwanza niliuandika hivi: "Mvua imetukimbia, sikieni ikhiwani." Gazetini ilisomeka, "Mvua imetukimbiza." Herufi moja tu iliongezwa, nasi watu wa Nduguti, tuliokuwa tukiutazama mtama ukikauka, tukageuka watu wanaofukuzwa na mvua! Baadaye nikapata toleo jingine, na humo malenga mmoja wa mbali amenijibu kwa beti: sijui vina, heri nirudi darasani. Kuhusu mvua hakusema neno.

Kwa miaka mingi niliwalaumu wote wawili, mpiga chapa na malenga. Lakini uzee una faida yake, ndugu msomaji. Siku hizi nalisoma shairi lile kama kwamba ni la mtu mwingine, na naona kwamba kosa kubwa halikuwa lao. Litazame neno "ikhiwani". Nani Nduguti humwita mwenzake ikhiwani? Nililiokota katika mashairi ya watu wa pwani kwa sababu lilinipa kina cha "ni" na kunitimizia mizani nane. Nusu ya kwanza ya mshororo ilikuwa na njaa ya kweli ndani yake. Nusu ya pili ilikuwa pumba. Na kila ubeti ulikuwa hivyo: kipande cha kwanza nasema jambo, cha pili nasema "nanena", "jamani", "nawaambia".

Hata hivyo, sitaki kuzitukana kurasa za mashairi za magazeti. Tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, ukurasa wa gazeti ndio uliokuwa mchapishaji wa mshairi asiye na fedha. Kupata kitabu lilikuwa jambo jingine kabisa. Shaaban Robert mwenyewe, ambaye mashairi yake yalisomwa katika Mambo Leo, diwani yake ya Pambo la Lugha ilichapwa Johannesburg katika miaka ya 1940. Ikiwa yeye alichapwa mbali hivyo, sisi wa Nduguti tungekwenda wapi? Gazeti lilidai stempu tu, na subira.

Tena lilikuwa na kipimo ambacho hakikuuliza umezaliwa wapi. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliziweka kanuni mahali ambapo mtu wa bara angeweza kuzisoma na kujifunza. Naye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Ujiji. Jirani yetu wa Dodoma, Mathias Mnyampala, Mgogo ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, alitoa Diwani ya Mnyampala mwaka 1963 na kuziendeleza ngonjera hata zikaingia mashuleni nchi nzima. Mnyiramba anayehesabu mizani kwa vidole anapata jibu lile lile analopata mtu wa Tanga. Hiyo ni haki, na si haki ndogo.

Ubaya ulianza pale kuhesabu kulipokuwa ndiko kusoma. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, ugomvi ukawaka, na wengi wetu tukasimama upande wa vina. Leo nadhani tuligombea mlango na kusahau nyumba. Pumba hujaza magunia yote. Mwenye vina huijaza mizani kwa "ikhiwani". Asiye na vina huikata sentensi ya kawaida vipande vipande, akaiita shairi.

Sasa mahali pa kuchapisha pamekuwa pengi. Kijana wa hapa humaliza shairi shambani, na kabla hajafika nyumbani limekwisha kusomwa katika simu za watu mia, wote wakimsifu. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo mwaka 2023 iliwatuza washindi wake wa kwanza, washairi wakiwamo. Na mwenye akiba kidogo huenda kwa mpiga chapa akalipia kitabu chake, kama nilivyofanya mimi kwa hiki ulichoshika. Nakiri kwamba hakuna aliyenizuia neno hata moja. Nililipa, kikachapwa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka yule malenga. Alinionea, ndiyo. Lakini alikaa chini, mtu asiyenijua, akaupitia kila mshororo wangu, akatunga beti za kunijibu, akazitia katika bahasha na kununua stempu. Tangu siku ile nimepata sifa nyingi. Msomaji wa namna ile sijampata tena. Laiti angeuliza pia, "Mvua gani hiyo inayokufukuzeni, na mwaka huu ni wa ukame?" angekuwa mhakiki kamili.

Vijana huniletea mashairi yao wakiuliza wapeleke wapi. Siku hizi, kabla ya kuwajibu, namwomba kila mmoja anisomee kwa sauti, nami namsimamisha penye kila neno ambalo mama yake asingelitumia. Wengine hawarudi. Waliorudi, safari ya pili mashairi yao yalikuwa mafupi.