Mkakasi na Ilimba

Wahenga waliacha methali mbili zishindanazo juu ya thamani ya sura. Ya kwanza yasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Ya pili yajibu, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Shindano hilo la kale laonekana upya katika maduka ya mji wa Dodoma na katika minada ya nyanda za kati, mahali ambapo mpenzi wa muziki huenda kununua redio au sabufa kwa fedha ya alizeti, karanga au mbuzi wake.

Mnunuzi huyo hudai kwamba anatafuta sauti. Lakini dukani vyombo viwili vitatu hulia kwa pamoja, na kelele za njiani huingia mlangoni. Kumbukumbu ya sikio ni fupi; chombo cha kwanza husahauliwa kabla cha tatu hakijawashwa. Jicho halina taabu hiyo. Laona sanduku kubwa jeusi, taa za rangi ziwakazo kwa mapigo ya ngoma, na maelfu ya wati yaliyopigwa chapa ubavuni kwa kipimo cha PMPO, ambacho hakina kanuni moja inayowafunga watengenezaji wote. Basi jicho hutoa hukumu, na sikio hutia sahihi.

Si haki kudhani kwamba udhaifu huu ni wa watu wasiojua. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walitoa habari za jaribio lililofanywa Marekani katika kampuni ya Harman, itengenezayo spika. Wasikilizaji 40, wote watumishi wa kampuni hiyo, walipima spika za namna nne: mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Seti moja ndogo ya bei nafuu ilipata alama nzuri ilipofichwa. Ilipoonekana, alama zake zilishuka. Ikiwa watu wa kazi hiyo hawakusalimika, mkulima wa Bahi au Kongwa alaumiwe kwa lipi?

Je, jicho lifukuzwe barazani? Hasha. Chombo cha muziki hukaa sebuleni pamoja na watu, hufunikwa kitambaa cha kufuma, na mgeni hukiona kabla hajakisikia. Mwenye nyumba atakaye kitu cha kupendeza hana hatia. Hatia ni ya sura ijitiayo kuwa shahidi wa sauti.

Kipimo cha kutenganisha pambo na ushahidi huo kimo katika nyanda za kati zenyewe, nacho ni kikongwe kuliko redio. Ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka katika majukwaa ya nchi nyingi, ni sanduku la mti lililopangwa ndimi za chuma. Katika ilimba kubwa ndimi ni nyingi mno, na mtazamaji aweza kushuku kwamba baadhi yake ni pambo, kwa kuwa hazipigwi kwa kidole. Kumbe zisizopigwa huitika zenyewe zipigwapo nyingine, zikazidisha mvumo. Hata utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu una kazi: huongeza mlio wa kuvuma. Yavutiayo macho katika ilimba hutumikia sauti.

Kwa kipimo hicho, ukubwa wa sanduku la sabufa haustahili kudharauliwa, maana sauti nzito huhitaji nafasi ya hewa, mradi ubao uwe imara usitetemeke ovyo. Taa ni pambo, na zilipiwe kama pambo. Tarakimu za ubavuni ni maneno ya muuzaji. Mwenye busara aombe wimbo mmoja aujuao vema, upigwe katika vyombo viwili kwa sauti ya kiasi kimoja, kwa kuwa kipaacho zaidi hudhaniwa kuwa bora. Naye ageuze uso.

Methali ya kwanza yaeleza jinsi watu wanunuavyo. Ya pili yaeleza jinsi wajutiavyo. Kati ya hizo pana nafasi ya kuhoji kila kipendezacho: chafanya kazi gani? Katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua swali hilo si dogo. Mkulima wa alizeti aliyenunua mkakasi hana budi kungoja mavuno mengine.