Mtihani wa Mpiga Ngoma

Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki mtihani. Si mtihani wa kalamu na karatasi, bali ule anaopewa kijana anayetaka kuingia chuo kikuu au chuo cha muziki ili asomee upigaji wa ngoma. Huenda msomaji akashangaa kuona mtihani unahakikiwa kana kwamba ni tamthilia au shairi. Lakini mtihani nao una umbo lake na maana yake: yako mambo unayoyatukuza, na yako mambo unayoyapita kimya. Ukitazama jinsi watu wanavyowachagua wapiga ngoma wao, utajua watu hao wanadhani ngoma ni kitu gani.

Hebu kwanza tuutazame mtihani wenyewe kama ulivyo katika vyuo vya Ulaya na Marekani, ambako ndiko ulikopata umbo linaloigwa mahali pengi duniani. Mtahiniwa huingia peke yake katika chumba walimoketi walimu wachache. Aghalabu huanza na ngoma ndogo yenye nyuzi chini ya ngozi, ile tuijuayo katika bendi za polisi na jeshi. Hapo hutazamwa kama mikono yake miwili ina nguvu sawa, na kama aweza kuendeleza mvumo mrefu kwa sauti ya chini pasipo kukatika. Kisha huenda kwenye timpani, yaani ngoma kubwa za shaba zenye umbo la sufuria, ambazo sauti zake hupandishwa na kushushwa kwa kanyagio. Hapo ni sikio lake linalopimwa, kwa kuwa hana budi kuzirekebisha mwenyewe. Tena hupiga marimba, mara nyingi kwa mikwiro minne, miwili katika kila mkono. Huweza pia kutakiwa kupiga vipande vya muziki wa okestra, kama vile mdundo wa Boléro ya Maurice Ravel ya mwaka 1928, ambao katika utungo mzima hurudiwa kwa takriban robo saa. Hatimaye huwekewa karatasi ya nota ambayo hajapata kuiona, aipige papo hapo.

Hapana shaka kwamba mtihani huu una sifa zake. Unadai nidhamu ya miaka mingi. Haumruhusu mvivu ajifiche nyuma ya kelele, kwa maana kupiga polepole na kwa sauti ndogo ni kazi ngumu kuliko kupiga kwa vishindo. Aidha, kipimo kilicho wazi ni kinga dhidi ya upendeleo. Baadhi ya okestra za Marekani, hasa tangu miaka ya 1970, zilianza kuwasikiliza watahiniwa wakiwa nyuma ya pazia, ili mchaguzi asijue kama mpigaji ni mwanamke au mwanamume, mgeni au mwenyeji. Jambo hilo ni la haki na lafaa kusifiwa.

Lakini yafaa tukumbuke kwamba chombo kimoja katika mtihani huo asili yake ni Afrika. Jina la marimba latoka katika lugha za Kibantu. Waafrika waliochukuliwa utumwani walivuka bahari na ujuzi wake, na ukaota mizizi katika Amerika ya Kati, hata Guatemala ikaitangaza marimba kuwa chombo cha taifa mwaka 1978. Katika karne ya 20 viwanda vya Marekani viliitengeneza kwa ajili ya majukwaa ya tamasha, na leo mwanafunzi wa ngoma katika vyuo hivyo hawezi kuikwepa. Chombo basi kimepokewa. Mtindo wa kujifunza kwa kuketi kando ya fundi, kusikiliza na kuitikia, haukupata nafasi iyo hiyo katika chumba cha mtihani.

Udhaifu wa mtihani huonekana pale anapotokea mtahiniwa asiyetarajiwa. Tuchukue kisa cha Evelyn Glennie, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1965. Masikio yake yalianza kudhoofika alipokuwa na umri wa miaka 8, na alipofika miaka 12 alikuwa kiziwi kwa kiasi kikubwa. Mwalimu wake wa shuleni alimfundisha kuiweka mikono ukutani huku timpani zikilia, ili atambue mtetemo wa kila sauti mwilini: sauti nzito miguuni, nyembamba usoni na shingoni. Mwaka 1982 alifanya mtihani wa kuingia Royal Academy of Music, London. Kwa maelezo yake mwenyewe, hapo kwanza alikataliwa, kwa sababu chuo hakikuweza kuona mustakabali wa mwanamuziki kiziwi. Akahoji: ikiwa hakataliwi kwa upigaji wake wala kwa mapenzi yake ya kuumba sauti, basi wale wanaokubaliwa hukubaliwa kwa sababu gani? Alisikilizwa mara ya pili, akapokewa, akahitimu mwaka 1985. Anaeleza pia kwamba uamuzi huo ulisaidia kubadili jinsi vyuo vya muziki vya Uingereza vinavyowapokea waombaji wenye ulemavu. Mwaka 2012 aliongoza wapiga ngoma katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya London, na mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya Polar ya Sweden.

Swali la Glennie ndilo kiini cha uhakiki wetu. Watahini walidhani wanapima muziki, kumbe walikuwa wanapima njia moja tu ya kuufikia muziki. Sikio ni mlango, lakini nyumba ina milango mingi. Mwenye kuuchunguza mlango mmoja tu, akaukuta umefungwa, asiseme kwamba nyumba haina mtu.

Hapa kwetu Tanzania tunao mfano unaofanana na huo. Mzee Morris Nyunyusa alikuwa kipofu, naye alipiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na sauti yake, hata msikilizaji akadhani kundi zima lipo mbele yake. Midundo yake ilipigwa redioni kuitangulia taarifa ya habari, na vizazi kadhaa vya Watanzania vimeijua kabla ya kulijua jina la mpigaji. Mtu huyo angewekewa karatasi ya nota, angepata sifuri. Je, sifuri hiyo ingekuwa yake, au ingekuwa ya mtihani?

Kadhalika, mtihani wa chumbani humtenga mpigaji na watu ambao ngoma ni yao. Katika ngoma zetu nyingi, kijana hupewa kwanza chapuo, ashike mdundo mmoja usiobadilika, wakati fundi akizungumza kwa ngoma kubwa. Watahini wake ni miguu ya wachezaji. Akiyumba, miguu husita. Akishika barabara, wimbo hupanda. Huko kusikilizana hakuonekani mtu anapopiga peke yake mbele ya meza.

Hata hivyo, hatukubaliani na wale wasemao kwamba ngoma imo katika damu ya Mwafrika, na kwamba kwa hiyo haihitaji mtihani wala mafunzo. Usemi huo una sura ya sifa, lakini ndani yake mna dharau. Humnyang'anya fundi jasho lake. Kuiwamba ngozi, kuikanza motoni mpaka itoe sauti itakiwayo, kujua ni wakati gani wa kumwachia manju nafasi, yote hayo hufundishwa na hukosolewa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, kuanzishwa kwake kulikuwa ni kukiri kwamba sanaa hizi ni elimu.

Kwa hiyo hatusemi mtihani ufutwe, twasema upanuliwe. Mtahiniwa asomaye nota na asome, maana kusoma ni hazina. Lakini na asikilizishwe pia mdundo mgeni, aupokee kwa njia aiwezayo na aurudishe. Na aketishwe pamoja na wapigaji wawili watatu na mchezaji mmoja, ionekane kama ajua kusaidia na kunyamaza. Tena na apewe nusu saa ya kufundishwa jambo jipya, ili kipimwe si kile tu alichokuja nacho, ambacho mara nyingi ni kipimo cha mfuko wa mzazi wake, bali kasi ya kujifunza kwake.

Walimu wanaochagua kikundi cha ngoma cha shule wanaweza kuanza hata kesho. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji chombo cha ng'ambo. Nanyi wanafunzi, mkikataliwa mahali, ulizeni kwa adabu ni kitu gani kilichopimwa. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini ili atunzwe, sharti kwanza apewe uwanja acheze.