Utendi wa Mwana Kupona na Mke Aliyeachwa

Leo natia mkono katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, nami najua wako watakaoudhika. Wastahimili kidogo. Mimi nimeusoma utendi huu tangu ujana wangu, na kwa ufasaha wake sina neno. Ninalolishitaki ni matumizi yetu.

Huku kwetu Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi mpaka Chiwanda, Waislamu si wengi, na waliousoma utendi huo wote ni wachache zaidi. Lakini wasia wake umetufikia kwa milango mingine: kwa somo amfundaye mwari, kwa kanda za mawaidha, na siku hizi kwa simu za mkononi. Hata binti asiyepata kulisikia jina la Mwana Kupona amekwisha kuambiwa kwamba radhi ya mumewe ndiyo itakayomtia Peponi. Basi siku anapopewa talaka, huyu mtu afikiri nini? Mume amekwenda zake, na radhi amekwenda nayo.

Tuutazame utendi wenyewe. Mama, naye mgonjwa, anamwita binti yake akae karibu na wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni. Anamwambia kuwa mwanamke anahitaji radhi tano: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Kisha, katika hizo tano, ile ya tano ndiyo anayoikalia sana. Anaeleza jinsi ya kumpokea mume, kumlisha, kumsinga, kumlaza bila ya kumpigia kelele. Anasema kuwa Siku ya Kiyama mume ataulizwa atakalo juu ya mkewe, na atakalo ndilo litakalokuwa. Hapa ndipo masomo wetu wanaposimama na kufunga mlango. Huo utendi wenyewe haukusimama hapo.

Mwana Kupona alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikufa mwaka 1856, na yeye akatunga miaka miwili baadaye, mwili wake ukiwa umedhoofika; hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Anamsimulia binti yake kwamba aliolewa kwa furaha, wakakaa bila ya kugombana hata siku moja, na faradhi ilipomjia mume alimkariria radhi zake. Msomaji mwenye busara ataona hapa kwamba huyu ni shahidi wa ndoa njema, na anashuhudia alichokiona. Hakupata kuamka asubuhi akaambiwa afunge mizigo. Ushahidi wake ni wa kweli, ila hautoshi kuwa kipimo cha kila nyumba, na aibu ya utendi, kama inayo, ni kwamba uzito wote wa ndoa umewekwa juu ya bega moja. Aliyebeba vyema na bado akaachwa hakutajwa popote.

Tena lipo jambo ambalo wahakiki hulipita mbio. Werner na Hichens walipouchapa utendi huu mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza linalosema kuwa ni wasia juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo watu wengi wanausoma kwa jina hilo. Mimi nauona pia kuwa ni kazi ya mtu mwenye msiba anayejitibu. Anaketi na amwaminiye, anayatoa yaliyomo kifuani, anayapanga, anaomba dua kwa ajili ya watoto wake na kwa ajili ya ugonjwa wake. Hayo ndiyo mambo tunayomnyima mke aliyeachwa, na huku tunamsomea utendi huo huo kumtia adabu.

Sasa na sisi masheikh tujitazame. Khutba zetu juu ya talaka zina Hadithi mbili. Ya kwanza ni ile ya kwamba talaka ndiyo halali imchukizayo zaidi Mwenyezi Mungu; tunaisoma kwa sauti kubwa wala hatusemi kuwa wanazuoni wameigombania isnadi yake. Ya pili ni ile ya mwanamke aombaye talaka kuwa hatainusa harufu ya Pepo. Hapo hulimeza lile sharti lililomo ndani yake, kwamba ni yule aombaye pasipo dhiki. Na ile ya Barira na Mughith, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, nani ameisikia juu ya mimbari? Barira alipoachwa huru alihiari kutengana na mumewe. Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina akilia, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (S.A.W.) hakumcheka wala hakumwambia ajikaze kiume. Alimwendea Barira kumwombea. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni kuombea tu. Akasema hana haja naye. Ikawa basi. Mwanamume aliruhusiwa kulia, na mwanamke aliruhusiwa kukataa, na hapana aliyepewa jina baya.

Naitaja hii kwa sababu ya wanaume wetu wa ziwani. Mwanamume aliyetengana na mkewe huku hatasema kuwa ana huzuni. Atakunywa, au atakesha, au atasukuma mtumbwi siku ambayo mwera unavuma na wenzake wamekaa pwani wakishona nyavu. Watu husema ni shujaa. Mimi sioni ushujaa hapo. Namwona mtu asiyejali tena kama atarudi.

Na wanawake je? Milimani Umatengoni, fedha za kahawa zikiingia, wako wanaopata mke mpya kabla ya kulipa deni la mbolea, na yule wa zamani, aliyechimba ngolo kwa mgongo wake, akarudishwa kwao na kifurushi kwenye pikipiki. Pwani wako ambao waume zao walivuka upande wa Malawi wakakaa huko. Hakuolewa wala hakuachwa, kama yule aliyetundikwa anayetajwa katika Sura ya 4, aya ya 129. Mtu huyu halali, hali, jembe limemshinda. Jamaa wanasema ana jini. Anapelekwa kwa mganga, na mbuzi wa mwisho anakwenda.

Sharia ilikwisha kuona mbali. Watu husema eda ni ya kutazama tumbo tu. Ingekuwa hivyo, mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi asingekaa miezi 3, wala mjane ambaye mumewe hakupata kumwingilia asingekaa miezi 4 na siku 10. Naona humo mna hekima ya moyo pia: muda wa kutulia, asiposwe waziwazi, asiamue akiwa amechanganyikiwa. Sura ya 65 inaamuru asitolewe nyumbani, kwani huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jingine. Sisi tunamtoa siku hiyo hiyo. Na ile mutaa aliyoamrishwa mume kuitoa, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafi ni wajibu kwa wengi wa walioachwa, Waswahili waliipa jina zuri kabisa: kiliwazo. Yaani hata mali yenyewe imepewa kazi ya kuuliwaza moyo. Nani anayekitoa leo?

Serikali nayo ina njia yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, kwa kawaida, mgogoro upite kwanza katika Baraza la Usuluhishi kabla ya mahakama kuombwa talaka, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisema kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mambo mema. Lakini baraza huuliza juu ya nyumba, shamba na watoto. Likishaandika kuwa limeshindwa kusuluhisha, kila mtu anakwenda na donda lake.

Hapo ndipo inapoingia hii inayoitwa ushauri nasaha, au tiba ya mazungumzo. Wenzangu wengine wanaiita uzungu. Nawauliza: Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikuwa Mzungu? Yeye aliandika kitabu cha maslahi ya miili na nafsi, akaitenga hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila moja na dawa yake. Akanasihi kuwa mtu ajiwekee fikra njema akiwa mzima, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya homa, na kwamba mwenye dhiki anahitaji pia maneno ya mwingine kutoka nje yake. Mshauri wa leo hafanyi mbali na hayo. Anasikiliza bila ya kukatiza. Anaweka siri. Anamsaidia mtu kuitazama ile fikra inayomzunguka usiku, kwamba hafai, kwamba hatapendwa tena, na kuipima kama ni kweli. Anampa kazi ndogo ndogo: kula kwa wakati, kulala, kurudi shambani, kumtembelea ndugu. Na akisikia mtu anasema heri kufa, hamwachi peke yake, anampeleka kwa daktari upesi.

Baraza zetu za msikitini haziwezi hayo yote, tuseme kweli. Siri iliyoingia barazani baada ya Alasiri, Magharibi iko sokoni. Kazi ya sheikh ni kueleza haki, kusimamia eda, kudai kiliwazo, kuomba dua, kisha kumwelekeza mtu kwa mwenye fani: afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au hospitali. Nimeulizwa kama yafaa Mwislamu kwenda hospitali za Litembo au Liuli, kwa kuwa ni za makanisa. Mtume (S.A.W.) katika Hijra aliongozwa njia na Abdullah bin Urayqit, naye hakuwa Mwislamu, alikuwa mjuzi wa njia na mwaminifu, ikatosha.

Nao washauri wasijione wamekamilika. Mshauri asiyejua eda ni nini atamwambia mwanamke atoke akatafute mwenzi mwingine mwezi wa kwanza. Aulize, ajifunze, nasi milango yetu iwe wazi kwake. Na watoto wasitumwe kupeleka maneno kati ya baba na mama. Hili halihitaji maelezo.

Nawarudia masomo na walimu wa darsa za akina mama. Sisemi utendi uachwe. Usomwe wote. Usianzwe kwenye radhi ya tano na kukomea hapo. Usomwe tangu pale mgonjwa anapomwita binti yake akae karibu, mpaka zile dua za mwishoni ambazo mwanamke mwenye msiba anajiombea nafsi yake. Na akiwapo darsani aliyeachwa wiki iliyopita, asikalishwe nyuma.