Mvumilivu Alikula Nini?

Kuna hadithi moja ya riadha ambayo sisi Wakenya tunahadithiwa kila msimu na hatuchoki nayo. Mwanariadha anaumia. Anapotea. Halafu siku moja huyo hapo tena, anakata utepe, na magazeti yanaandika kwamba amerejea kwa kishindo. Video yake inazunguka kwenye simu: mguu uliofungwa bandeji, muziki wa huzuni, maneno "miezi minane baadaye", kisha bendera mabegani. Chini ya video mtu anaandika "subira huvuta heri". Tunabonyeza moyo, tunapita.

Hebu tuisome hadithi hii jinsi tunavyosoma hadithi fupi au riwaya. Imejengwaje? Inaacha nini nje? Inataka tuamini nini? Nitaisomea kwenye ukanda wa chai wa Kericho na Bomet. Huko wametoka wakimbiaji wakubwa, na huko pia watu wana ujuzi wa kungoja ambao hakuna video imewahi kuwauliza.

Sehemu zake ni tatu: kuumia, kungoja, kurudi. Ya kwanza na ya tatu zina picha. Ya katikati, ambayo ni ndefu kuliko hizo mbili zikiunganishwa, inapewa mstari mmoja, kama riwaya iliyochanwa kurasa za kati. Na kumbe mambo yote yako huko. Ufa kwenye mfupa wa muundi huhitaji kama wiki sita hadi nane kuunga, na hiyo ni kwa mwenye bahati. Kano la kisigino laweza kula miezi. Baya zaidi, maumivu huisha kabla mfupa haujakomaa, na pumzi hurudi mapema kuliko kano. Kwa hivyo ile siku unaamka ukijihisi mzima kabisa, miguu inawasha, wenzako wanapita nje alfajiri na unasikia viatu vyao kwenye murram, hiyo ndiyo siku ya kuogopwa. Mwili unamdanganya mwenyewe. Mwandishi gani hangetaka mgogoro kama huo? Lakini kwa video, wapi. Miezi minane baadaye.

Kurasa za ushindi za ukanda huu tunazijua. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki: shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Miaka minne baadaye, Mexico City, akachukua fedha. Mercy Cherono wa Bomet alipata fedha ya mita 5,000 kwenye mashindano ya dunia ya Moscow 2013. Beatrice Chebet wa Kericho akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29 alipoandikisha 28:54.14 mnamo Mei 2024.

Kwa kurasa za kungoja, tuvuke mpaka wa Bomet kidogo, tuingie Narok hadi Kilgoris. Huko anatoka mtu aliyeiishi hadithi hii mara mbili, na mara hizo mbili zikaisha tofauti. Daniel Rudisha alikuwa kwenye timu moja na Kiprugut kule Mexico, akapata fedha ya mbio za kupokezana vijiti. Mwanawe David alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012 na kuweka rekodi ya dunia. Mei 2013, akikimbia mwendo wa taratibu tu ndani ya Central Park, New York, akaumia goti. Mashindano ya Moscow yakampita. Mwaka 2014 akarudi Glasgow, akawa wa pili nyuma ya Nijel Amos wa Botswana. Mwaka 2015 akashinda Beijing, na 2016 akabeba dhahabu ya pili ya Olimpiki kule Rio. Kuumia, kungoja, kurudi. Hadithi imetimia, piga muziki.

Halafu ikaja mara ya pili. Baada ya 2017 majeraha yakamweka nje ya mashindano makubwa. Agosti 2019 gari lake likagongana na basi karibu na Keroka, akanusurika. Mei 2020 akakanyaga vibaya nyumbani Kilgoris, kifundo cha mguu kikavunjika, akafanyiwa upasuaji. Olimpiki ya Tokyo ikasogezwa hadi 2021, kana kwamba dunia nzima imekubali kumngoja. Bado hakuwepo.

Sasa niambie: mara ya pili Rudisha alipungukiwa na subira? Kama ni subira iliyomleta Rio, mbona haikumfikisha Tokyo? Hadithi yetu haina jibu, kwa sababu imezoea kuhesabu subira ikianzia mwisho. Ukishinda, basi ulikuwa mvumilivu. Usiporudi, tunanyamaza, na kimya hicho kina lawama ndani yake: labda hakutaka vya kutosha. Umri, bahati, mfupa uliovunjikia mahali pabaya, vyote vinafutwa ili tabia ya mtu ibaki peke yake jukwaani. Kurejea kwa kwanza kulisimuliwa hadi kukachakaa. Kungoja kwa pili kulibaki habari ndogondogo, ingawa mimi naona huko ndiko kwenye hadithi kubwa zaidi.

Lawama hii tumeisomea nyumbani, kwenye methali. Mvumilivu hula mbivu. Isome polepole. Inaanza na mtu na kuishia kwenye tunda, na katikati kuna mambo inayoyachukulia kuwa yapo tayari: mti upo, shamba ni la mngojaji, na wakati tunda likiiva kuna kitu kingine jikoni cha kula. Wahenga hawakuwa wajinga. Walimwona mvumilivu akiwa na ugali wake. Sisi ndio tumechukua methali ya mtu mwenye akiba tukampa mtu asiye na kitu, tukamwambia atulie.

Tuseme kuna msichana wa miaka ishirini kule Konoin, ndani ya Bomet. Hana mshahara. Anakula kwa zawadi za mbio za barabarani, na matumaini yake ni meneja mmoja wa ng'ambo aliyemwona akikimbia vizuri mara moja. Mguu unaanza kuuma. Akivunjika vibaya, hospitali ya misheni ya Tenwek iko karibu, na madaktari wa mifupa wako. Lakini tatizo lake halijafika huko. Anahitaji mtu wa kumshika mguu kila wiki, amwambie leo kimbia dakika kumi, kesho usikimbie. Wengi wa mafizio hao na kambi kubwa wako Iten, Kaptagat na Eldoret. Kuna nauli, kuna malipo, na kuna mwezi mzima usio na mbio, maana yake usio na pesa. Ukimwambia "kuwa na subira", umempa bili bila kumwambia ni ya nani.

Hata wakimbiaji wenye mikataba wanaijua bili hii. Mwaka 2019 Alysia Montaño wa Marekani na wenzake walisema wazi jinsi kampuni za viatu zilivyoweza kupunguza malipo ya mwanamke aliyepata mimba na kushindwa kushindana. Ujauzito si jeraha, lakini hesabu ni ileile: mwili ukidai muda, karatasi inasoma uvivu.

Rudi basi kwenye chai, maana wakulima wa huku wamekuwa wakilijibu swali hili bila kuliandikia insha. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne. Unakatwa hadi unabaki vijiti vitupu vinavyofika magotini, na mgeni akipita anaweza kudhani shamba limechomwa. Matawi yaliyokatwa huachwa palepale yafunike udongo. Inapita kama miezi mitatu kabla ya kuanza kuchuma tena, na machipukizi ya kwanza yana udanganyifu wao: yanang'aa, yanakuita. Mwenye tamaa akiyavamia mapema anaudhoofisha mchai. Ni uongo uleule wa pumzi iliyotangulia kano.

Lakini angalia mkulima anavyopanga. Mwenye shamba dogo anayejua kazi hapogoi lote kwa mpigo. Anakata kipande, anaacha vingine vikichumwa, ili malipo ya mwezi yasikauke na bonasi isije ikawa ya aibu. Mwaka ujao kipande kingine. Mfumo wa KTDA, ulioanza 1964, mwaka uleule wa shaba ya Kiprugut, umelea vizazi vya watu wanaojua kwamba kungoja lazima kulipiwe na kitu kinachoendelea kuzaa pembeni. Hakuna anayeusifu mchai kwa uvumilivu wake. Wanamsifu mwenye shamba kwa kupanga.

Mkimbiaji hawezi kujigawa vipande hivyo. Ana miguu miwili tu, na ikisimama, shamba lote limesimama. Kwa hiyo kipande kinachozaa lazima kiwe nje ya mwili wake: meneja, kambi, shirikisho, kazi ya jeshi au polisi, au mama anayeamka kwenda kuchuma majani ya watu. Sanasana ni huyo wa mwisho. Yeye ndiye mhusika aliyefutwa kwenye kurasa zilizochanwa.

Pasipo na wa kulipa, kuna njia ya mkato, na ina jina. Triamsinoloni ni dawa ya kutuliza uvimbe, inayodungwa kwenye viungo vyenye maumivu. Tangu 1 Januari 2022 sindano zote za aina hiyo zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, na mwaka huohuo orodha ya Wakenya waliokutwa nayo ikawa habari ya dunia. Wako waliotafuta kasi tu, sikatai. Lakini dawa ya maumivu kuwa dawa ya udanganyifu inatuambia jambo kuhusu nchi inayosifu subira na haiigharamii. Tulizisoma kesi zile kama hadithi za wezi. Baadhi yake zingeweza kusomwa pia kama sehemu ya katikati ya hadithi yetu, ile inayorukwa.

Mtu atanijibu: bana, acha kutuharibia. Yule msichana wa Konoin anahitaji matumaini, hahitaji hesabu. Ni hoja nzito. Video ya Rio imewaamsha wengi kitandani, na hata mimi nikiiona nasimamisha nilichokuwa nikifanya. Ila matumaini yanayotegemea kushinda yanamwacha mtu siku anapoyahitaji zaidi, wiki ya tano, anapochechemea hadi chooni na hakuna kamera. Hadithi ambayo ingemfaa wiki hiyo ingemwambia kwamba kujihisi mzima si kupona. Ingemtajia nani alimpikia nani, nani alilipa nauli ya Eldoret, na nani aliuza mbuzi. Ingempa pia mkimbiaji ambaye hakurudi na bado akawa mtu kamili, mwenye heshima zake na mashamba yake.

Hadithi hiyo haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji mwandishi akae kwenye jiko moja kule Bomet miezi mitatu, bila kukimbilia mwisho. Waandishi wachanga mnaosoma hapa, riwaya iko hapo na haina mwenyewe.

Sisi wengine tuna kazi ndogo zaidi. Siku nyingine kichwa cha habari kikitangaza kwamba fulani amerejea kwa kishindo, kabla ya kubonyeza moyo, uliza swali moja la kishamba: hiyo miezi minane alikula nini, na kilitoka kwa nani?